Inachelewa Kuitika

Kaka,

Mama hajambo. Ameshaanza kugombana na jirani, kwa hiyo amepona.

Nimesikia unasema nimejitia ukaidi kazini. Ngoja nikueleze. Ndani ya mashine yetu ya kumsaidia mgonjwa kupumua kuna saa inayoiita programu isukume hewa kila zamu ya pumzi inapofika. Mimi hupima programu inachelewa kiasi gani kuitika. Wenzangu waliipima mashine ikiwa imetulia, haina kazi nyingine, wakapeana mikono. Mimi nikawasha skrini, kengele na mtandao kwa pamoja, kama inavyokuwa wodini. Kati ya pumzi nyingi, mara moja tu programu ikachelewa kuitika, hadi nikajikuta nimebana pumzi.

Bosi akasema, “Hiyo moja ifute. Wastani ni mzuri.”

“Sifuti.”

“Unajiona nani?”

“Mpimaji.”

Wakinifukuza, nitarudi nyumbani na begi langu, kichwa juu. Usithubutu kuniombea msamaha. Ila Mama akizidiwa tena, wakamwekea mashine hiyo, simama kando ya kitanda chake, kisha uniambie ni pumzi yake ipi tuifute.

Mdogo wako, mkaidi vilevile