Kiswahili Chetu Kwenye Filamu ya Kimalayalam

Mama,

Shikamoo huko uliko. Nina habari, wallahi tangu jana roho inanirukaruka, na hapa Nizwa, hata Omani nzima, hapana wa kuifurahia kama ambavyo ungeifurahia wewe.

Jirani yetu Da Leela, nesi wa Kerala kule Uhindini, ndiye aliyekuzoesha filamu za kwao za Kimalayalam. Kila Ijumaa nyinyi wawili kwenye kochi, yeye akikufasiria kwa Kiarabu chake cha spitali. Nikikucheka, ukinambia, "Nyamaza wewe! Hawa wanaishi kama watu. Shujaa ana kitambi, anaosha vyombo, na mamake anamgombeza."

Basi walikuja wenyewe, Mama! Walikuja kupiga filamu hapa jirani Manah, kwenye zile nyumba kongwe za udongo. Hadithi ya nesi wa Kerala anayemuuguza bibi wa Kiomani. Aliyekuwa acheze binti wa mgonjwa akaugua, na Da Leela, mkalimani wao, akanikokota mpaka kwa mwongozaji. Mimi!

Nikapewa maneno ya Kiarabu. Yakanitoka makavu. Nikarudia, makavu zaidi. Mwongozaji akaniuliza kwa upole, "Kwenu mkisema lugha gani?" Nikamwambia Kiswahili. "Basi sema hicho."

Nikamshika mkono yule bibi kitandani, na... sijui, Mama. Siku uliyofariki mimi nilikuwa njiani natoka Sur. Sikukuwahi. Yote yakanitoka pale: "Mama, nimefika. Niwie radhi." Walipozima kamera, Da Leela kajifunika uso kwa mtandio.

Jana imeonyeshwa sinema hapa mjini. Ukumbi umejaa Wamalayali, watu wa kwao Da Leela, na watoto wao, miluzi, makofi, ungalicheka! Ikafika zamu yangu. Kiswahili chako cha Unguja kikajaa ukumbi mzima, na maandishi ya Kimalayalam chini yake. Nilitaka kusimama nipige kelele: hiyo ni lugha ya mama yangu!

Mlangoni mzee mmoja wa Kimalayali alinisubiri, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Da Leela akanifasiria: "Anasema na yeye alikuwa huku Omani mamake alipokufa. Hakuwahi."

Da Leela mwenyewe akatoa simu, akatazama picha ya mamake. Mamake yuko hai kule Kerala, mgonjwa, na kila mwaka safari inaahirishwa.

Nimemwambia tunakwenda sote, mwezi huu huu. Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi, huyu atawahi.

Mwanao,
Salma