Boti Kutoka Oraba

Koboko, 14 Januari 2023

Kwa mkwe wangu Silvester Candia,

Pokea salamu zangu na za Hawah. Sisi ni wazima kadiri watu wa umri wetu wanavyoweza kuwa wazima. Mjukuu wetu Aidah ameota meno mapya ya mbele. Alikonda kwa malaria ya Krismasi, lakini sasa anakula. Nanyi huko Arua mnaendeleaje? Mgongo wako je?

Najua hukutazamia barua yangu. Tangu tulipoachana kaburini kwa binti yako Alice hatujasemezana, na simu zangu hupokei. Hata ungepokea nisingesikia vizuri, maana miaka yote ya kunyoosha bodi za magari kwa nyundo imeniua masikio. Basi naandika, na Swadiki dereva atakuletea mkononi.

Nina jambo la boti. Mwezi uliopita nilikwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, kutafuta bati. Kwa yule mnunuzi wa vyuma chakavu vinavyovuka kutoka Kaya nikaona boti ya alumini imelala kifudifudi, wapakiaji wamekaa juu yake wanakula miwa. Kibao chake kinasema 1958. Sijui ilikuwa ya wamisheni au ya serikali ya huko. Ina matundu ya risasi, viti vimeoza, na kila palipokuwa na nati ya chuma, alumini imegeuka unga mweupe. Mwenye mali akaniambia, "Mzee, hii iko ya kukata. Kesho inaenda kwa watu wa sufuria." Nikamwambia asiikate. Sasa iko uani kwangu.

Bati nalijua. Maji siyajui. Wewe uliendesha boti ya idara ya uvuvi mpaka ulipostaafu. Nataka kuitengeneza, iende kule mwaloni kwenu kwenye Nile, pale pale Kabiru wangu na Alice wako walipozama. Ivushe watu salama, na iwafuate wanaozama. Nisaidie kwa maneno tu. Nianzie wapi?

Mkwe wako,
Hamuza


Arua, 20 Februari 2023

Bwana Hamuza,

Barua imefika. Nyumbani hatujambo. Mgongo ni ule ule.

Nilipokuwa nasoma nilitaka kuichana. Mwanao alimpandisha binti yangu kwenye mtumbwi uliojaa magunia na watu, kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi dukani. Nilimwambia Alice kwa simu wasubiri kesho yake. Akasema, "Baba, Kabiru amesema twende." Sikusikia tena sauti yake. Leo baba yake Kabiru ananiuliza habari za boti.

Na usimsahau Andama. Mvuvi yule alikuwa karibu, aliwaona majini, akageuza mtumbwi wake akarudi ufukoni. Watu walimwona. Nilisimama mbele ya wazee wa mwalo nikasema mtu huyu asivue tena hapa, nao wakamfukuza. Wanasema yuko Kongo. Akae huko huko.

Isimamishe boti sawasawa juu ya magogo, uijaze maji, uiache. Panapotoka tone, weka alama kwa mkaa. Ndipo utaujua ugonjwa wake. Usitie chuma wala shaba popote, italiwa tena.

Aidah ana watu wa upande wa mama pia. Hilo hukulitaja.

Baba yake marehemu Alice,
S. Candia


Koboko, 2 Aprili 2023

Mkwe wangu Silvester,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Huku Hawah ana presha, lakini dawa anameza. Mvua zimeanza, na shamba letu la Midia tumeshapanda mahindi.

Uliyosema juu ya Kabiru ni kweli. Alikuwa mtu wa haraka tangu utoto.

Nilijaza boti maji kama ulivyoagiza. Nilishinda kutwa nikiyabeba kutoka kwenye pampu, majirani wakaja kutazama mzee amepatwa na nini. Ilivuja kama kikapu. Ripiti nyingi, zile pini zinazoshikanisha mabati, zimelegea, basi nazikaza moja moja, chuma kizito kwa ndani na nyundo kwa nje. Matundu ya risasi nayaziba kwa vipande vya bodi ya trela, nayo ni alumini. Ripiti mpya nazikata kwenye nyaya nene za alumini.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikutaka kuliandika. Aidah aliingia kwenye boti ikiwa bado na maji, akajilaza chali akicheza, nywele zinaelea. Hawah alitoka jikoni akamwona. Alimtoa, akamkausha kwa kanga yake, kisha akaketi kwenye matope mpaka nilipomshika mikono nikamwinua. Tangu siku hiyo hapiti upande ule wa ua. Aliniambia, "Hamuza, umeniletea mto nyumbani."

Maji nimeyamwaga. Kazi siiachi.

Aidah atakuja kwenu likizo hii. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Hawah amelia, lakini nguo za mtoto ameshazikunja na kuzifunga.

Mkwe wako,
Hamuza


Arua, 28 Mei 2023

Hamuza, mkwe wangu,

Nakusalimu, na Hawah msalimie zaidi. Presha yake aiangalie, asiinue ndoo nzito za maji.

Mtoto alifika vizuri, na nadhani amekwisha kuwaeleza yote aliyoyaona huku. Anacheka kama mama yake, kwanza kwa pua, halafu ndipo mdomo unafunguka. Mke wangu alimsikia akatoka nje, akakaa huko kitambo. Tulimpeleka kaburini. Akaniuliza kwa nini baba yake hana lake. Nikamwambia baba yako tulimtafuta hatukumpata, yuko mtoni. Akasema, "Ndiyo maana babu Hamuza anatengeneza boti." Wewe ukitaka kumjibu, mjibu.

Chini ya viti usiache nafasi tupu. Funga jerikeni, yaani madumu matupu, zilizozibwa vizuri, nyingi kadiri zitakavyoingia, ili boti ikijaa maji isiende chini. Wavuvi wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wanataka nafasi ya samaki.

Mkuku, yaani ule uti wa chini, hutaweza kuunyoosha peke yako. Nakuja Koboko mvua ikipungua. Niandalie mahali pa kulala. Nguruwe sitaomba.

Babu yake Aidah,
Silvester


Koboko, 30 Julai 2023

Mkwe wangu Silvester,

Je, ulifika salama na lile lori lililobeba boti? Mgongo ulivumilia barabara? Huku tuko.

Ua umekuwa mkubwa. Asubuhi nilitoka na nyundo mkononi, nikakumbuka hakuna kitu cha kugonga. Hawah amefagia mahali ilipokuwa, akasema atapanda sukumawiki.

Zile wiki ulizokaa nasi zilikuwa nzuri kuliko nilivyotazamia. Hata siku tuliyogombana juu ya mkuku, ukaniambia nanyoosha boti kama mlango wa lori, nilicheka nikiwa kitandani. Hawah anasema aliposikia wazee wawili wanagombana kwa Kiswahili cha jeshi alidhani vita vimerudi.

Sikuja nawe mtoni. Ulinielewa, hukunilazimisha, nami nakushukuru. Niandikie tu inavyokwenda. Uniambie kama inavuja.

Mkwe wako,
Hamuza


Mwaloni, 25 Agosti 2023

Mkwe wangu Hamuza,

Salamu kutoka ufukoni. Nimekodi chumba hapa, Arua narudi Jumapili kwa misa. Mke wangu anasema nimeoa boti. Mgongo hauumi kama ulivyokuwa unauma kitandani.

Haivuji. Iko nyepesi, na kwa injini ndogo niliyoifungia inageuka unapotaka. Siku ya kwanza watu walisimama tu wakaitazama, hakuna aliyetaka kupanda kitu chenye viraka vingi hivyo. Akapanda mama mjamzito aliyekuwa anapelekwa kliniki ng'ambo, kwa sababu hakuwa na la kuchagua. Tangu hapo wanapanga foleni. Sipakii zaidi ya viti. Wananiita mzee mkorofi.

Tulipopita mahali pale walipozama watoto wetu nilizima injini kidogo. Abiria waliniangalia. Nikaiwasha tukaendelea.

Mkwe wako,
Silvester


Koboko, 20 Oktoba 2023

Mkwe wangu Silvester,

Vipi hali? Vipi afya? Nauliza na ninataka kujibiwa, maana hii ni barua ya pili bila jibu.

Swadiki ametuletea habari kwamba mtumbwi wa mbao ulipinduka huko, na kwamba ni wewe uliyewatoa watu majini. Koboko nzima wanazungumza. Msikitini wamekuombea dua, wewe Mkatoliki. Hawah alipika chakula akagawa kwa majirani, na nilimwona akitabasamu peke yake kwenye moshi. Sijamwona hivyo tangu msiba.

Basi mbona kimya? Umeumia? Swadiki anasema alikuona Arua, ukavuka barabara usimsalimu. Nimemwambia labda hukumwona.

Andika hata mistari miwili.

Mkwe wako,
Hamuza


Arua, 9 Novemba 2023

Mkwe wangu Hamuza,

Nawasalimu nyote. Afya yangu usiulize. Mwili hauna jeraha.

Nitakueleza ilivyokuwa. Ilikuwa siku ya soko. Upepo ulikuja ghafla, na ule mtumbwi mkubwa wa mbao ukapinduka katikati ya mto. Mimi nilikuwa ufukoni natia mafuta kwenye injini. Nikaenda. Boti yako ilikwenda vizuri, hilo ulijue. Nikamvuta mama na mtoto wake, kisha wasichana wa shule, kisha wengine. Ikajaa. Waliobaki wakaushika ukingo wa upande mmoja wakaanza kupanda wote pamoja. Boti ikalala, maji yakaingia, na wale wasichana wakaanza kuteleza kuelekea mtoni. Nikasema, "Shikeni tu, msipande, nitawavuta mpaka nchi kavu." Mtu anayezama hasikii. Nikachukua kasia nikawapiga mikono.

Wengi waliachia, wakashika magunia yaliyokuwa yanaelea. Mmoja hakuachia. Alikuwa ananitazama. Akasema, "Mzee, mimi ni Simon." Labda alidhani nikijua jina lake sitapiga. Nilipiga tena, kwa nguvu, kwenye vidole. Akaachia. Niliwafikisha wale ufukoni nikarudi upesi. Wa magunia nikawapata. Yeye hakuwepo.

Watu wa mwalo wamenichinjia mbuzi. Wazee wale wale waliomfukuza Andama walinivisha shada la maua shingoni. Waliokuwa ndani ya boti waliona yote, wananyamaza. Mama yule ananiletea samaki na haniangalii usoni.

Halafu kuna zile jerikeni chini ya viti. Nimekuwa nikizifikiria. Labda zingetubeba sote na maji yakiwa ndani. Labda sikuhitaji kupiga. Wewe ndiye uliyezifunga. Niambie.

Na Andama. Sikumuuliza alikuwa na nani kwenye mtumbwi wake siku ile walipozama watoto wetu. Sikumuuliza chochote. Nimetuma watu Kongo kumtafuta, wamerudi bila habari.

Simon alikuwa muuza mitumba. Ameacha mke anayeitwa Peace, nyumba yao iko njia ya kuelekea mwaloni. Anaamini mumewe alichukuliwa na maji tu. Nataka kwenda kumwambia. Mke wangu ananikataza, anasema shemeji za Peace wataniua. Boti nimeiburuta nchi kavu. Nataka kuikata.

Mkwe wako,
Silvester


Koboko, 11 Novemba 2023

Silvester, mkwe wangu na ndugu yangu,

Nakutakia amani, najua haimo nyumbani kwako wiki hizi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye mawe ya jikoni, kisha nikampa Hawah. Aliisoma polepole. Akauliza, "Huyo mama na mtoto wako hai?" Nikamwambia wako hai. Jana yake alikuwa ameomba tukualike kula Idi ijayo. Asubuhi hii nilimuuliza kama bado anataka. Akasema, "Bado. Lakini usiniulize leo."

Umeniuliza habari za jerikeni. Nilizifunga kwa kamba ya nailoni, kila moja mara mbili, na nina hakika hazikufunguka. Zingeibeba boti iliyojaa maji. Boti iliyojaa maji, na watu wote wale ndani na wengine wananing'inia upande mmoja, sijui. Nimekaa kuwaza mpaka kichwa kinauma na sijui. Ningeweza kukuandikia kwamba zisingebeba, ukalala. Lakini ungekuja siku moja ukaniangalia, ungejua nimesema uongo.

Siwezi kukuambia ulifanya vizuri. Nikifika mahali Simon anapotaja jina lake, namwona Kabiru, na kuna saa nakuchukia, Silvester, naandika hivi ili usisikie kwa mwingine. Halafu nawaona wale wasichana wanateleza. Najiuliza, kama kasia ningekuwa nalo mimi, ningengoja nini.

Boti usiikate. Mitumbwi ya mbao itajaa tena siku ya soko, na watu hawataacha kuvuka kwa sababu wewe na mimi tumechoka. Tafuta mtu mwenye nguvu na akili aiendeshe. Wewe usipande tena mpaka wewe mwenyewe utake.

Habari za Andama tutaulizia Oraba pia. Wanaokuja kutoka Kongo ni wengi pale. Tukimpata, utajua la kumwambia. Tusipompata, utabaki nalo. Sijui njia nyingine.

Kwa Peace usiende peke yako, na usimtume mtu. Nakuja Jumatatu. Aidah anabaki na Hawah, hili si la mtoto. Tutakwenda wawili kwa miguu, tuketi chini mlangoni kwake, na umwambie yote kama ulivyoniandikia, hata lile jina mumewe alilokutajia. Usiseme wangapi walipona. Hilo ataambiwa na watu wengine, na yeye hakuuliza. Shemeji zake wakija na fimbo, watatukuta tumekaa. Wakitufukuza, tutaondoka. Akitaka kuuliza, tutabaki mpaka amalize kuuliza.

Hawah ananifungia mkate na sukari vya kupeleka nyumba ya msiba. Amenitazama akauliza ninarudi siku gani. Nimemwambia sijui.

Mkwe wako,
Hamuza