Goli Linalokunywa Maji

Jumapili, 13 Oktoba

Boaz amelala. Loveness yuko nje anacheza. Nina nusu saa, labda.

Leo hapa Ihangila hakuna habari nyingine – mtoano wa kombe umeongezwa. Mwaka jana ziliingia timu nne. Mwaka huu nane! Na timu zenyewe kwenye ligi ni kumi na mbili tu. Mwalimu Edward, katibu wa kombe, katangaza kwa kipaza sauti baada ya mechi ya mwisho. Kasema timu nyingi zilikuwa zinakata tamaa mapema, wachezaji wanarudi zao maduarani kuchimba dhahabu, uwanja unabaki na mbuzi. Sasa kila mtu atakuwa na matumaini mpaka mwisho.

Kwenye chapati za jirani yangu Mwanaima watu wamebishana mpaka chai ikapoa. Kijana mmoja wa timu ya bodaboda – hao ndio wa kwanza, hawajafungwa hata mara moja – kasema huu ni uonevu. Miezi mitatu wametoa jasho, halafu waje watolewe na timu iliyofungwa mechi sita? Mwanaima akamuuliza, kama nyie ni wa kwanza kweli, wa nane mnamwogopea nini? Watu wakacheka. Akasema yeye hata wakiingiza zote kumi na mbili, na timu ya wake wa marefa juu yake, sawa tu, mradi wanakula.

Hiyo timu iliyofungwa mechi sita ni Nyundo. Timu ya duara la Benjamini. Kipa wake ni mume wangu.

Valerian hakufurahi kama nilivyodhani. Alikula, kisha akasema: "Mama Loveness, hii ni sawa na mtu amechimba udongo mtupu tangu juu, mwingine anakuja siku mwamba wa dhahabu umeonekana, wagawane sawa." Nikamwambia safari hii anayekuja siku ya mwamba ni wewe. Akatabasamu kidogo.

Mimi nimefurahi, niseme ukweli. Mechi saba badala ya tatu. Mayai yangu ya kuchemsha na karanga vitatoka. Ila kombe halitaisha tena mwezi huu kama mwaka jana. Litaingia Novemba. Mvuani.

Jumatano, 16 Oktoba

Mgongo unauma. Boaz anaota meno, anataka kubebwa tu.

Nimefua nguo za kazi za Valerian. Matope ya duarani nayajua – ya kijivu, mazito, yananata kama ugali wa muhogo. Leo kwenye pindo la suruali nimekuta mizizi. Na kwenye kofia. Myeupe, myembamba, imesokotana. Nimeiosha, nikaiweka kwenye sinia, nikaitazama.

Ukoka.

Hapa Ihangila hakuna ukoka. Kuna vumbi, mawe na mifuko ya plastiki. Ukoka uko mahali pamoja tu, uwanjani. Mwalimu Edward aliupanda na wanafunzi wake, wakaumwagilia kwa ndoo kiangazi kizima. Ng'ombe akiingia pale mwenye ng'ombe anaitwa ofisini.

Valerian aliporudi nikamuuliza kama alipita uwanjani na nguo za kazi. Kasema hapana, anatoka duarani anakuja moja kwa moja. Ndipo akaiona mizizi kwenye sinia. Akaichukua yote, akaitupa motoni, akaenda kuoga.

 

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza, na mechi ya kwanza ya mtoano. Timu ya Nkome imeshinda. Walikuja na lori zima la watu, wananuka dagaa, wanaimba. Mayai yote yameisha kabla ya mapumziko.

Sasa niandike nilichokiona.

Mvua ilipiga kama saa moja kabla ya mechi. Njia zote tope. Goli la upande wa shule likawa bwawa, wakaingia watu na mafagio. Mimi meza yangu iko nyuma ya lile goli jingine, la upande wa karasha, wanakosagia mawe. Mwaka jana mvua za namna hii bata walikuwa wanaogelea pale. Leo maji yalikuja, yakasimama kidogo, yakaanza kupungua. Taratibu, kama mtu anayekunywa kwa mrija. Hayakwenda pembeni. Nilikuwa nimeinama pale pale, nimeyaangalia. Yalikwenda chini.

Robo saa, pamekauka.

Mwalimu Edward alifurahi sana. Aliwaita wageni kutoka Geita waje waone. Kasema ni ukoka huo, ardhi imepata afya. Kamati ikaamua papo hapo – mechi zote zilizobaki zitachezwa hapa, hata ile moja ambayo watu wa Nkome walitaka ichezwe kwao mwaloni, kando ya ziwa. Uwanja usiotuamisha maji ni baraka, kasema.

Nimekusanya sinia langu nikarudi nyumbani kabla mechi haijaisha. Watu walidhani mtoto anaumwa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemuuliza. Sikuzunguka. Nilimpa uji, nikamnyang'anya simu, nikakaa mbele yake.

Mwanzo alisema yapo mambo ya wanaume. Nikamwambia mambo ya wanaume huwa nayafua mimi.

Akasema basi. Mwamba wao ulipinda tangu mwezi wa tisa. Uliacha upande wa mlima, ukaja huku. Mpaka wa leseni ya Benjamini unaishia kwenye uzio wa karasha. Wameuvuka. Mwamba ukaanza kupanda, nao wakaufuata juu. Mwaka mzima walikuwa wanatoa mawe matupu, nani angeuacha? Sasa wako chini ya lile goli.

Nikamuuliza juu yao pamebaki udongo kiasi gani. Akaweka mkono kifuani. Kutoka sakafuni mpaka pale.

Hapo juu wameacha, kasema, wanakwenda pembeni sasa. Mizizi ilipoanza kuning'inia waliogopa wote.

Kisha akasema kitu ambacho nakisikia mpaka sasa ninapoandika. "Jumamosi tulikuwa chini. Goli likiingia sisi tunajua kabla yenu. Vumbi linadondoka kwanza, ndipo tunasikia kelele."

Alikuwa anakitazama kikombe.

Kwa nini hamsemi? Akanihesabia. Wako nje ya leseni. Duara litafungwa. Wapo watu kumi na moja mle, wana watoto kama yeye. Benjamini atafungwa, na wao pia huenda wakafungwa. Na mwamba ndiyo kwanza umeanza kulipa.

Nikamwambia Jumapili Nyundo mnacheza na bodaboda. Wewe ni kipa, utasimama pale juu kwa miguu yako. Akasema anajua. Benjamini ameagiza miti ya kukazia shimo, inakuja Jumatano. Wakishaisimamisha hakuna shida.

Nimemwambia hivi: mpaka Jumamosi. Miti isipokuwa chini, ukiwa hujasema wewe, nitasema mimi. Akaniangalia kama hanijui. Halafu akambeba Boaz, akatoka naye nje.

Kama zingekuwa timu nne kama zamani Nyundo wasingeingia, na fainali ingekuwa imeisha jana. Nalifikiria hilo wakati natwanga.

Alhamisi, 24 Oktoba

Jana lori la miti lilipita. Nililiona kwa macho yangu. Miti mizuri, minene, Benjamini kaipaka rangi nyekundu kwenye ncha isiibiwe. Nikamshukuru Mungu, nikalala kama jiwe.

Leo Loveness karudi anaruka. Amechaguliwa kuwa mmoja wa watoto watakaoshikana mikono na wachezaji wakati wa kuingia uwanjani Jumapili. Anataka soksi nyeupe. Nikaenda uwanjani kumtafuta Mwalimu Edward.

Nikafika, nikasimama.

Wanajenga jukwaa la wageni. Kubwa, maana mwaka huu wageni ni wengi, kila timu ina wazee wake. Liko pembeni ya goli la karasha. Nguzo zake – nimezihesabu – zote zina rangi nyekundu kwenye ncha.

Nilimwamkia Mwalimu, shikamoo, marahaba. Nikamuuliza miti ni ya nani. Kasema ni Benjamini huyo, amejitolea kwa moyo wake, timu yake imeingia kwa bahati basi amefurahi kama mtoto. Mechi zikiisha atachukua miti yake.

Nikamwomba wahamishie mechi uwanja mwingine. Kasema upi, wa Bugarama? Mbali, na vibali vimekwisha kutoka. Nikamwomba basi jukwaa likae upande wa shule. Akacheka, si kwa ubaya. "Mayu, wageni niwakalishe kwenye bwawa? Hapa ndipo pakavu." Akaniuliza kama nahofia meza yangu ya mayai itazibwa. Kasema atanitafutia nafasi nzuri, mbele kabisa.

Maneno yalikuwa mdomoni. Yote. Nikaona wale watu kumi na moja. Nikaona Valerian kwenye gari la polisi. Nikasema asante Mwalimu.

Asante! Nimesema asante.

Loveness haendi. Hilo nimelisema na limekwisha. Amelia mpaka amelala na soksi mkononi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Ilikatika saa nane, wakacheza, goli la karasha likanywa maji yote, watu wakalipigia makofi.

Valerian alikwenda kwa Benjamini baada ya mechi. Benjamini kamwambia ardhi imebeba mechi tatu haijaguna, itabeba na ya nne. Jumatatu jukwaa linavunjwa, miti inashuka. Na asitie watu hofu kabla ya mchezo, watafungwa kwa ajili ya hofu yake.

Kumbe anawaza kufungwa magoli!

Nikamwambia Valerian leo ni Jumamosi. Akasema anajua. Akakaa chini, Boaz kamlalia kifuani, pale pale alipowekea mkono siku ile. Akasema Jumatatu, nakuapia kwa huyu. Kasema atamwomba nahodha wachague goli la shule kipindi cha kwanza. Cha pili dakika arobaini na tano tu. Atasimama mbele kidogo, asikanyage kwa nguvu.

Asikanyage kwa nguvu. Kipa.

Nilisema Jumamosi. Nimeona macho yake nikanyamaza. Najiandika nilivyo.

Jumapili, 27 Oktoba

Sikwenda. Mayai nimechemsha kwa mazoea, Mwanaima kayachukua akaniuzie. Nilimkataza asikae nyuma ya goli la karasha. Akasema: "Nikae wapi, mama, matopeni? Wewe siku hizi una nini?" Nikamwambia akae popote kwingine, aniamini tu. Akanishika shavu kama mgonjwa, akaondoka na sinia kichwani.

Valerian aliaga kama kila siku. Alirudi mlangoni mara ya pili, akasema amesahau glavu. Alikuwa nazo mkononi.

Loveness hasemi nami. Yuko kitandani na soksi zake nyeupe, amezivaa hivyo hivyo.

Kipaza sauti kinafika hapa vizuri. Kipindi cha kwanza hakuna goli. Nimepanga maharage, nimepangua. Mvua imenyesha kidogo, imeacha.

Kipindi cha pili. Sasa yuko pale. Kila mara watu wakipiga kelele nashika ukuta. Bodaboda wamepata kona. Kipa wa Nyundo kaokoa, mtangazaji anamsifu – leo kasimama kama mti!

Dakika ya themanini. Bado hakuna goli. Themanini na tano. Namshukuru Mungu kwa kila moja.

Imekwisha! Filimbi! Sifuri kwa sifuri. Nimekaa chini. Nimemwambia Loveness baba anarudi.

Ngoja.

Mtangazaji anasema watu wasiondoke. Ingekuwa ligi kila mtu angechukua pointi yake aende kwake. Huu ni mtoano, lazima mmoja atoke. Penalti. Refa amechagua goli – la karasha, maana la shule lina maji. Wageni washuke jukwaani wasogee waone. Mashabiki wa pande zote wanaombwa wahamie huku, wajipange nyuma na pembeni ya goli, kuna nafasi ya kutosha, pamekauka.

Nawasikia wanahama. Wanakimbia. Ngoma pia inahama.

Naandika haraka, kwa kusimama, ili iwe imeandikwa kwamba nilijua tangu tarehe kumi na sita. Naenda kumnyang'anya Mwalimu kile kipaza sauti. Nitasema leseni, nitasema Benjamini, nitasema mume wangu. Wakimfunga, atakuwa amefungwa akiwa hai.

Nimeshika kanga, nimeanza kumfunga Boaz mgongoni. Halafu nimekumbuka ninakokwenda. Nimemfungua, nimemweka kitandani kwa dada yake