Firigisi Uliyonipa Mezani

Mpendwa Papa,

Noeli imepita na nimepika bila wewe. Nilitaka kukuandikia kwa upole, lakini upole sina. Nimekukasirikia, na huku nyumbani kila mtu ananiambia marehemu hakasirikiwi. Basi nakuambia wewe mwenyewe.

Unakumbuka siku tuliyotoka kwa munganga, daktari wako, wewe na mimi, na ile tansio yako, presha ya damu, iliyomtia hofu? Alisema mafuta yapungue, chumvi ipungue, nguruwe uisahau, na utembee kila siku. Tulipofika sokoni ukasimama mbele ya wauza lengalenga, mchicha wetu, ukaniambia kuanzia leo utakula kile nitakachokupikia mimi, fete au si fete, hata siku ya sikukuu.

Nikapika. Sombe, majani ya muhogo, niliitia karanga kidogo, sikuimwagia mawese mpaka ielee. Samaki wa ziwa Tshangalele nilimchemsha kwa nyanya, vitunguu saumu na ndimu. Kuku nilimvua ngozi, na kwa hilo shangazi zangu walinicheka hadi machozi. Tena tukajifunza kula upya: tonge moja, mkono chini, kisa kidogo cha kiwandani ulikofanya kazi, ndipo tonge jingine. Ulikuwa unafumba macho ukitafuna, unasema sasa ndiyo unajua sombe ina ladha gani. Nilikuamini, Papa. Nilijivuna hata kwa majirani.

Ikaja ile Bonane, mwaka mpya, watu wamejaa mezani. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Mwanamke haigusi, na mpishi akiisahau sufuriani inakuwa kesi ya ukoo mzima. Niliiweka juu ya sahani yako kama kawaida. Wewe ukaichukua kwa vidole, ukaihamishia kwenye sahani yangu mbele ya wajomba na shangazi, ukasema, "Ya leo ni ya huyu mutoto. Ni yeye iko nachunga maisha yangu."

Niliila nikilia. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile, wala sidhani nitapewa tena. Kisha ukavaa kofia, ukasema unakwenda mtaa wa Kikula kwa miguu kumsalimia dada yako, chakula kishuke, kama munganga alivyoagiza. Nilikufungulia mlango mwenyewe.

Ulianguka barabarani ukirudi. Hukuamka.

Kesho yake baada ya mazishi, nilikuwa naosha sufuria za kilio na Tantine, huyo dada yako. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja akikukumbuka. Akasimulia jinsi ulivyokuwa unafika kwake kila fete, hujakaa vizuri unauliza nguruwe iko wapi. Nguruwe ya kukaanga, na makayabu, samaki mkavu mwenye chumvi yake yote, na bukari, ugali wa kujaza sahani. Kumbe chakula changu ulikiita chakula cha wagonjwa. Wanawake wakaangua kicheko, nami nikabaki na sufuria mkononi. Nikamuuliza kama hata ile Bonane ulikula kwake.

"Ile siku alikuya na njaa kabisa," akasema. "Aliniambia, firigisi nimeachia mutoto, asione niko naacha nafasi mu tumbo."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani nami najua, maana wote walikuwa wanajua. Nilipomwendea mama, hakuacha kukunja vitambaa. Alisema nilikuwa na furaha sana, hakuona siku ya kuniambia.

Papa, nguruwe ningekusamehe. Mimi pia napenda nguruwe. Lakini uliwaacha wanione nikilia juu ya firigisi, wakati nusu ya meza inajua unakwenda kula wapi. Macho uliyokuwa unafumba ukitafuna, sasa sijui ulikuwa unafumbia nini. Nikikumbuka kicheko chako siku hizi, kwanza nauliza ulikuwa unamcheka nani. Hivyo ndivyo ulivyoniharibia kukukumbuka.

Mwaka huu munganga amemkuta mama naye na tansio. Maneno ni yale yale. Asubuhi ya Noeli nilimkalisha jikoni, nikamwambia kama anataka nguruwe aseme hapo hapo, mbele yangu, asiende kunivunjia heshima Kikula. Aliona haya. Halafu akasema anaitaka.

Nikaenda kununua. Nilikata mafuta yote, nikaichemsha, nikaipika na nyanya, vitunguu na pilipili, chumvi kidogo tu, nikampa vipande vidogo pembeni ya lengalenga nyingi. Alikula taratibu, anaweka mkono chini, anapumzika. Hakuna aliyemcheka. Alipomaliza alisogeza sahani pembeni.

"Kama ulikuwa unapika hivi," akaniambia, "papa yako hangetoka."

Nilitoka mimi, nikaenda uani kumwaga maji niliyochemshia nguruwe. Mama anasema kweli. Ungekaa. Ungekula vipande vyako polepole, ungelala mchana kwenye kiti chako, na mimi ningekuwa na baba. Jambo hilo lilikuwa rahisi hivyo, Papa. Kulikuwa na neno moja tu la kuniambia, na ulimwambia kila mtu isipokuwa mimi.

Siwezi kukuaga vizuri leo. Labda Noeli nyingine.

Mimi binti yako, niliyekupikia