Mwenye Kuikala mu Kiti Yangu

Durban, ku saluni ya Ya Mukendi, siku mbili kisha Noeli

Mado, Mama Rasheli, muke wangu mupendwa,

Ukisikia mulango inagongwa, ukamukuta Mama Odette na mizigo yake ya viatu na hii karatasi mu mukono, umupe kwanza maji ya kunywa. Njia ya bus tangu huku mpaka Lubumbashi inachosha mifupa. Kisha uikale chini usome peke yako. Sikutaka kusema haya ku simu, kwa sababu ku simu unaweka sauti ya wazi na groupe yenu yote ya teatre inasikiliza, inacheka. Ao unanijibu mbele sijamaliza. Karatasi inamuacha muntu amalize.

Unaamukaje? Jino ilipoa? Mama mukwe, magoti yake inasemaje na hii mvua? Na mabati ya upande wa jikoni, pale maji ilikuwa inaingia, ule fundi alirudia ao alikula tu bukari akaenda? Unipe habari ya kweli, hapana ile ya "tuko bien" kila siku. Tuko bien, tuko bien! Muntu anaweza kuwa bien miaka tatu bila kupumzika?

Miye niko muzima, Mungu asifiwe. Tunalala bantu bane mu chumba moja, na ule kijana ya Likasi anakoroma mpaka dirisha inajibu. Makaratasi yangu ya kuikala huku haijatoka bado. Juma iliyopita nilisimama mu mustari tangu asubui, nikafika ku dirisha, bakafunga. Lakini kazi ya kunyoa iko, na vichwa bya bantu haviachi kuota nywele.

Unajua Ya Mukendi, mukubwa wetu bote hapa, mwenye saluni, Mukasai mwenye kuzaliwa kwetu Katanga. Alitundika televizyo kubwa juu ya vioo. Kila siku ya Mungu kisha misa bantu ya kwetu banajaa humu ndani, hata bale bahana nywele. Banakuja kuangalia teatre ya Lubumbashi. Ile yenu.

Basi siku ya Mungu ya mwisho mbele ya Noeli, Ya Mukendi akazima sauti, akasema: "Bandugu, mwaka inaisha. Kila muntu aseme: mu hii televizyo, nini ilimupendeza kupita yote, na nini ilimuchukiza?"

Aa, kelele! Fundi moja ya mabati ya huku Durban akasema ilimupendeza goli ya dakika ya mwisho, yenye ilimufanya akumbatie muntu bahakusalimiana naye tangu Pasaka. Mama Odette akasema yeye anachukia matangazo ya sabuni, yenye inakata pale pale kilio inaanza. Na dikoni yetu, muntu ya heshima, akasema ilimupendeza ule muhubiri mwenye kusema Mungu anamuonyesha yote, lakini hakuona kama kamera inawaka, akawa anachokonoa meno. Tulicheka mpaka machozi.

"Na weye, Selestini?"

Nikasema: "Miye ni mupira tu."

Nilidanganya, Mado. Siku ya Mungu, natoka misa, nikadanganya bila aibu. Ya kweli ninakuandikia weye.

Yenye ilinipendeza kupita yote ni ile siku ya kwanza ulitokea. Ulivaa kikwembe ya kijani, beseni ya majani ya sombe ku kichwa, mukono moja ku kiuno, ukamuambia mwenye nyumba: "Papa, hata kuku anapewa siku zake za kulalia mayai. Weye unanifukuza leo leo?" Loo! Saluni ilipasuka. Banauliza: "Ule mama ni nani? Ule mwanamuke ni moto!" Miye mashine ilisimama mu mukono. Nilitaka kupanda juu ya kiti nipige kelele: ule ni muke wangu, nilimuoa ku paruasi mbele ya padri, baba yake alinila mbuzi tatu! Sijawahi kukuona vile. Miaka yote tuliishi pamoja, kumbe ulikuwa unabeba ule mwanamuke ndani na sikumujua.

Kinywa yangu ilishafunguka. Lakini ku televizyo mulango pia ikafunguka, Papa Bilauri akaingia na ulevi wake, akakuwekea mukono ku bega, na weye ukamuita "bwana yangu". Ya Mukendi akatingisha kichwa: "Hawa babili, hata inje ya kamera ni bibi na bwana. Muangalie macho. Macho haichezi teatre." Nikafunga kinywa. Weye ungesema nini pale?

Tangu siku ile niko na wivu. Ninaandika neno yenyewe, usitafute ingine. Ninajua Papa Bilauri ni jina ya mu teatre tu, na kwao anaitwa Dieudonné, na anaimba mu kwaya. Haisaidii kitu. Ninahesabu mara ngapi anakugusa. Ninajua pia vicheko byako, kuko ile ya bageni na kuko ile ya kweli, yenye inakutoa machozi ku jicho moja. Siku alianguka na ndoo ya maji, ulicheka ile ya kweli. Ile nilifikiri ni yangu peke yangu.

Sasa yenye ilinichukiza. Ni ile ya mwezi wa kenda, pale Papa Bilauri anarudia ku nyumba kisha kupotea siku tatu. Kamera inaingia, ninaona pazia ya buluu. Nikasema mu roho: ile pazia ninaijua. Kisha Bikira Maria ku ukuta, kioo yake ilipasuka ku pembe. Kisha kiti yangu! Kiti yangu, Mado, nilichongesha kule Naviundu na mbao nilichagua miye mwenyewe, na juu yake bitambaa mama yako alishona na mikono yake. Papa Bilauri akajitupa ndani na uzito wake wote, akanyoosha miguu, akavaa kandambili zangu. Ukamuletea bukari na samaki, ukapiga magoti, ukamunawisha. Ile yote nilivumilia.

Pale pale mutoto wetu Rasheli akatoka mu chumba mbio. "Papa amefika! Papa amefika!" Akamupanda ku magoti, akamushika ndevu.

Nilikuwa ninamunyoa dikoni. Mashine ilimupita katikati ya kichwa, kutoka paji mpaka kisogo, kama barabara ya Kasomeno siku banaipasua. Akapiga kelele: "Selestini, unanifanya nini?" Nikasema mashine ilichemuka. Ilibidi nimutoe nywele yote, na bibi yake hakunisalimia majuma mbili.

Mangaribi ile nilikupigia simu, unakumbuka. Ukaniambia: "Baba Rasheli, ni teatre tu. Groupe haina nyumba, tunaazimana manyumba zamu kwa zamu. Ilikuwa zamu yetu." Sawa, zamu nilielewa. Nikakuuliza nani alimufundisha mutoto. Ukajibu, tena na furaha: "Hakuna! Directeur ya groupe alisema tu, salimia papa. Akakimbia mwenyewe, mara moja, kamera ikachukua." Ulikuwa unanisifia mutoto wetu, ninajua. Haukuona kama ulikuwa unanichoma. Nilimuacha na miaka mbili, na pale nilimubeba mara ya mwisho alikuwa analala.

Basi siku ile ya saluni, kisha kudanganya, roho ilikataa kutulia. Dikoni akawa anasema Papa Bilauri iko na bahati kupita bantu bote, muke vile, mutoto vile. Nikatupa taulo chini: "Ule ni muke wangu! Na mutoto ni wangu!"

Bakacheka! Ya Mukendi akasema: "Hata miye ule ni muke wangu, Selestini, kila siku ya Mungu saa kenda."

Nikakamata simu, nikapiga, nikaweka sauti ya wazi, miye pia. Rasheli njo alijibu. Ninafikiri ulikuwa unafua ku inje.

"Allo, Rasheli? Ni papa."

"Papa gani?"

"Papa yako, mama."

"Papa ya ku televizyo ao papa ya ku simu?"

Mama Odette aliangalia viatu byake. Nikasema: "Ya ku simu." Mutoto akasema "Aa," kisha nikamusikia anakuita: "Maman, kuja! Ni ule ya ku simu!" Nikakata mbele haujafika. Sasa saluni yote inaamini kama ni weye muke wangu, na haikunifurahisha hata kidogo.

Mara tatu nilianza hii barua na neno "acha teatre". Mara tatu nikaipasua. Ule mwanamuke ya beseni ya sombe, nikimuzima, miye njo nitakuwa mwizi. Na Dieudonné hakuniibia kitu. Miye njo niliacha kiti wazi. Wivu inabaki, sikudanganye, lakini ninajua sasa inatoka wapi.

Kwa hiyo, makaratasi itoke ao isitoke, Pasaka ninarudia ku nyumba. Nilishamuambia Ya Mukendi, na nafasi yangu atamupa ule kijana ya Likasi. Ninakulomba kitu moja: usimufundishe Rasheli. Usimuonyeshe picha yangu, usimuambie "ukimuona umukimbilie". Nitagonga, yeye afungue, na jina yenye atanipa nitaikubali.

Umusalimu mama yako, fundi ya bitambaa. Umusalimu Yaya Kalenga, mukubwa wangu, mwambie nilisikia aliacha pombe na ninangoja kuona. Musalimu mudogo wako Fifi, mwenye kumulinda Rasheli siku za kazi yenu. Musalimu bibi ya jirani, mwenye kutuazimisha kinu.

Na Dieudonné, musalimu na yeye. Ninasikia iko na muke muzuri na batoto bane. Umuulize swali moja kwa jina yangu, bila kicheko: mangaribi akiingia kwake, hakuna kamera, hakuna mwenye kusema "salimia papa", batoto bake banamukimbilia vile? Jibu yake unitumie mbele ya Pasaka, nijue namna ya kusimama pa mulango.

Ni miye, bwana yako mbele ya padri,
Selestini