Ninafundisha Nikiwa Nimelala

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimia, Papa, na kabla ya kuuliza kitu kingine nauliza usingizi. Unalala? Ule mkono wa kuume bado una nguvu? Chakula kinashuka vizuri? Huku minye niko muzima, namushukuru Mungu, baridi imeanza kupungua, na miguu yangu uliyokuwa ukiicheka imeshazoea kuvaa soksi juu ya soksi. Najua utajibu kwamba na weye uko sawa, kama unavyojibu kila siku, na ndiyo sababu safari hii sikupiga simu.

Simu unaikata, Papa. Kila nikianza ile habari unasema, "Rezo iko mubaya," tii, umekata, halafu mke wangu, Mama Faida, ananiambia mtandao ulikuwa muzuri kabisa. Barua haikatwi. Nimempa mama mmoja wa Luberizi anayerudi nyumbani kwa njia ya Bujumbura, aivushe mupaka kwa mikono yake na kuifikisha hapo Kavimvira. Nimemuomba mke wangu akusomee yeye mwenyewe, akae nyuma ya rido, lile pazia la chumba chako, jinsi heshima ya mkamwana na baba mkwe inavyotaka. Ataona maandishi, hatakuona weye. Sikiliza mpaka mwisho, na tafadhali usijifunike shuka kichwani.

Papa, nina haya. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Umewaambia watu wote wa mupakani, wabadilisha pesa, watu wa duwane wanaotoza ushuru, vijana wanaobeba mizigo uliyoibeba weye miaka yote ile, kwamba mtoto wako anafundisha chuo kikuu Bulaya. Shemasi wa kanisa letu akinipigia ananiita "Profesa". Minye naitika tu. Nilikuambia ninafanya kazi chuo kikuu, kwenye shule ya wauguzi, weye ukamalizia mengine kwa furaha yako, na mdomo wangu ukashindwa kukurudisha nyuma. Sasa sikia vizuri. Kufundisha ninafundisha, si uongo. Lakini ninafundisha nikiwa nimelala.

Kazi yangu ni kuwa mgonjwa. Hospitali za huku zilikuwa na shida na wazee waliotoka kwetu Afrika: wanakataa kuogeshwa. Muuguzi akija na beseni, muzee anageukia ukuta. Wengine wanapata vidonda kwa kulala na uchafu na jasho, na wauguzi wanaandika kwamba muzee ana kichwa kigumu. Basi hospitali zikaja kuomba ushauri chuo kikuu. Yule mama profesa anayeongoza utafiti, sisi tunamwita Madame, akasema hawezi kushauri mtu kabla ya kujua yule aliye kitandani anasikia nini moyoni. Wakatafuta wanaume wa pande zetu wakubali kulala, wanafunzi wawaogeshe, kisha waseme. Minye nilikuwa nasafisha sakafu ya jengo lile lile. Madame alinikuta na mop mkononi akaniuliza kwa adabu kama ningeweza. Nikasema ndiyo kabla sijaelewa vizuri.

Ndiyo, Papa. Minye Kiza, baba wa watoto, mwanaume wa ndevu, nalala kitandani mchana kweupe na wasichana wananiogesha.

Mama Faida, hapo najua umesimama. Kaa chini, mke wangu. Kaptula inabaki mwilini, nakuapia kwa Mungu. Tutaongea minye na weye kisha, utanitukana utakavyo, na nitanyamaza. Sasa endelea kusoma.

Siku ya kwanza nilivaa suruali ndani ya nguo ya mgonjwa, na mkanda juu yake. Waliponifunua darasa zima likaona mkanda. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniumiza, ningeona afadhali wacheke. Nikaenda kuvua nyuma ya pazia nikarudi na kaptula. Ee Papa! Kaptula ni nini mbele ya darasa zima? Nilifumba macho nikajiambia minye ni gunia la mchele tu, wanigeuze wanavyotaka. Msichana mmoja, nywele zake kama mpunga uliokauka, alinishika mguu akaanza kuusugua huku akimsimulia mwenzake habari za sikukuu ya rafiki yake. Aliinua mguu, akaushusha, akaendelea na habari zake. Hakunitukana, hakuniumiza. Lakini nilisikia kwamba humo kitandani hamna mtu.

Kisha wakanigeuza ubavu, na kijana mwingine, mwanaume, mwenye haya kuliko minye, akaniambia, "Monsieur, sasa naomba nioshe mgongo wako." Akangoja nijibu. Nilipojibu ndipo kitambaa kikagusa, na maji yalikuwa ya moto kidogo, na hapo, Papa, nilianza kulia. Tangu lini mtu ameniosha mgongo? Tangu weye. Kule ziwani, mahali pa wanaume, jioni ukitoka kubeba mizigo, unanishika bega kwa mkono ule mgumu na unanisugua mpaka ngozi inaita, unasema, "Simama, weye, mgongo ndio muntu!" Nilikuwa nakimbia, unanirudisha. Hiyo yote ilinirudia nikiwa kwenye kitanda cha wazungu, na yule kijana akaogopa, akadhani amenichoma.

Baadaye Madame alituketisha akauliza, "Monsieur Kiza, ulisikia nini?" Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kusema. Nikajibu, "Ça va, Madame," niko sawa. Kila siku alikuwa akiuliza, na kila siku nilijibu ça va. Nilikuwa namjibu kama unavyonijibu weye.

Halafu Mama Faida akanipigia. Alikuwa anaongea chini chini, uani, usisikie. Akasema una kidonda kwenye nyonga, ule upande wa kushoto uliokufa. Akasema shemasi alikuwa anakuja kukuogesha Jumamosi lakini sasa mgongo wake mwenyewe unamuuma, haji tena. Akasema, "Nikiingia na beseni anajifunika mpaka kichwa. Anasema heri aoze kuliko muke ya mutoto wake amuone. Muuguzi wa centre ya afya alisema hicho kidonda kisipooshwa na muzee asipogeuzwa, kitafika mufupa, na kikifika mufupa tutamupoteza. Kiza, minye niko tayari. Minye pia niko na haya, usizani sina. Lakini harufu imeanza." Papa, naandika neno hilo nikiinama. Weye uliyekuwa ukirudi ziwani unanukia sabuni mpaka barabarani.

Nilikaa na simu mkononi. Minye muzima, naogeshwa mpaka ngozi inakunjamana, kwa maji safi na taulo jipya. Weye mgonjwa, hauogeshwi. Mungu alikupa mtoto mwanaume mmoja tu, yule ambaye mikono yake ingekuosha bila mtu kuona haya, na mikono yake iko huku, imelazwa juu ya shuka nyeupe, inasafishwa na watu wasiomjua. Nilijichukia sana siku hiyo.

Kesho yake Madame alipouliza nilisikia nini, nikasema. Nilisema yote mbele ya darasa, kwa Kifaransa changu cha kuvunjika. Nikasema nina baba, nikasema kidonda, nikasema kwetu mkamwana hakai hata kwenye kitanda cha baba mkwe, sembuse kumuosha. Nikawaambia wale wazee wenu wa hospitali hawana kichwa kigumu, wana watu ndani ya kichwa wanaowaangalia. Yule msichana wa nywele za mpunga alikuwa analia. Nilidhani Madame ataandika tu, kama kawaida yao. Wapi! Aliweka kalamu chini akasema, "Basi leo kazi yetu ni baba yako. Tutamuogeshaje?"

Tukajaribu, Papa. Minye nililala nikawa weye, nikalegeza upande mmoja kama upande wako. Wakijaribu hivi nasema hapana, Papa atakataa. Wakijaribu vile nasema hapana. Nimekukatalia mambo mengi humo kitandani, ungefurahi. Tuliendelea mpaka tukapata namna moja ambayo hata minye, mtoto wako, sikusikia haya. Madame anasema ndiyo watakayopelekea zile hospitali. Lakini minye nataka ianze kwako.

Ni hivi. Shuka halitoki juu yako, na ni weye unalishika kwa mkono wa kuume, weye ndiye mwenye mlango. Anayeogesha hagusi kabla ya kuomba, na kama weye hujajibu, hagusi. Macho yake yako kwenye beseni, mkono wake unaenda chini ya shuka peke yake, na kitambaa. Pale pa siri unaosha weye mwenyewe, yeye anakupa kitambaa kilichopakwa sabuni na anatoka nyuma ya rido mpaka umuite. Kidonda kinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na akimaliza anakugeuza upande wa pili, usilalie mahali pamoja. Basi, ni hayo tu.

Na leo siombi hata hayo yote. Leo naomba mgongo. Papa, mgongo wako mupaka mzima uliuona! Miaka yote ulibeba magunia bila shati, mbele ya wanawake wa soko, mbele ya maaskari wa nchi mbili. Mama Faida mwenyewe aliuona kabla hajanijua minye. Ukiona haya, kumbuka kwamba muda huu huu mtoto wako unayemwita Profesa iko kitandani na kaptula, na msichana wa watu anamuuliza, "Monsieur, naomba mguu." Haya yako nimeyavaa pamoja na weye. Sasa tunafanana.

Nisalimie shangazi anayeuza ndakala kule Kalundu, umwambie mdomo wangu umekauka kwa kutamani samaki wake. Nisalimie dada yangu aliyeolewa Luberizi, na shemasi, mgongo wake upone. Asiniite tena Profesa, au aniite tu, nitavumilia. Mbusu Faida, mjukuu wako, akachezee kwa jirani jioni hii.

Papa, nimebakiza jambo moja. Nilimwambia Mama Faida aweke sufuria ya maji kwenye mbabula ya makaa kabla ya kufungua bahasha. Barua nimeifanya ndefu makusudi. Sasa hivi maji yamepata moto unaofaa, na yeye iko nyuma ya rido, amemaliza kusoma, anangoja umuambie aingie.

Mtoto wako,
Kiza