Baba, Nimetoboa Siri ya Pete

Baba,

Arobaini yako ilipita salama. Watu wa mtaa wetu wa Oli walijaa mpaka barabarani. Bado nafungua duka lako la usonara kila asubuhi na kukaa kwenye kigoda chako karibu na dirisha, maana mwanga mzuri wa kutazamia mawe uko pale. Lakini sikuandikii habari za duka. Nimekukosea, na nataka usikie kutoka kwangu mwenyewe.

Jumanne gari la jeshi lilisimama mlangoni. Afisa mmoja kutoka Koboko akaingia, akaweka jiwe la kijani mezani. "Binti ya fundi, hii iko zumaridi ama iko chupa?" Nyuma ya gari walikuwa wamemkalisha mtu aliyemuuzia, mchuuzi wa Kongo, mikono imefungwa. "Kama iko chupa," akasema afisa, "huyu harudi kwao."

Nilifanya ulivyonifundisha. Nililigusisha mdomoni: baridi, na ubaridi ukakaa. Kwenye lenzi sikuona viputo. Basi si chupa. Nikaligeuza dirishani, huku kijani cha majani mabichi, huku kijani kizito. Nikawaza turmalini, jiwe la bei ndogo linalofanana na zumaridi. Nikaona nyufa ndani, nikawaza zumaridi. Nikisema zumaridi mtu anapona leo, na kesho ikigundulika siyo, je?

"Ni jiwe la kweli, afande. Jina lake siwezi kulitaja kwa macho. Lipelekwe Kampala kwenye vyombo vya kupimia mawe."

Akapiga meza. "Baba yako alikuwa anajua kwa kutazama tu!"

Kule nje yule mtu akalia, "Mama, mi si mutu ya uongo!"

Hapo ndipo, Baba... Majirani walikuwa wamesimama mlangoni. Nikasema hata wewe, kwa kutazama tu, ulikosea. Nikaitaja pete ya Mama Rehema wa Koboko, uliyomwambia ni zumaridi. Kisha wapimaji wa Kampala wakakuambia ni turmalini, nawe ukamrudishia pete bila kumwambia. Uliniambia mimi peke yangu, ukiugua kitandani, huku unalia. Nami nimeitangaza siri hiyo mbele za watu.

Afisa akaliinua jiwe mezani. "Kumbe hata mzee..." Akatia jiwe mfukoni, akamwambia askari, "Shusha yeye." Kisha akanigeukia. "Jibu ikikuja mbaya, nitarudi kwako."

Nilimfungua yule mtu kamba, nikampa maji. Alinishika mikono yote miwili.

Mpaka leo jibu halijaja. Kila gari likipunguza mwendo, naacha kazi na kuchungulia dirishani. Na wapo wanaopita dukani wakisema kumbe mzee alikuwa akibahatisha. Hilo linaniuma kuliko vitisho vya afisa.

Nisamehe, Baba. Sikupata neno jingine la kumtoa mtu yule. Mama Rehema bado hajasikia. Kesho asubuhi napanda gari la Koboko nikamwambie mwenyewe, kwa jina lako, kabla hajaambiwa sokoni. Nakuahidi sitakuficha wala sitakuchafua; nitasema ulikosea, na kwamba ulilia.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akulaze pema.

Binti yako,
Saida